Jina la Mdogo Wangu katika Daftari la Mwalimu

Hapa Mkuyuni watu wakigombania kiwanja cha marehemu, au kijana akija kuposa na wazee wakautilia shaka ukoo wake, huwa wananifuata mimi. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Lakini majina hayanitoki kichwani. Ninaweza kuwataja wote tuliokaa nao kijijini, nyumba kwa nyumba, kuanzia kwenye mwamba mkubwa mpaka ziwani, na wake zao, na watoto waliokufa wakiwa bado wananyonya. Nimepata sifa kwa hilo, na mara moja nimepata aibu. Hiyo aibu ndiyo nitakayoieleza. Humu hutakuta jina la mtu hata mmoja, na ukifika mwisho utajua sababu.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile ya mwanzo, ruhusa ikiwa imeshatoka kwamba kila mtu auze anachotaka. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni sasa ilikuwa imejaa kwenye vigenge, ya kila rangi. Mitumba ilimwagwa chini kwenye maturubai mpaka ukawa unachagua koti kama unachagua nyanya. Lakini kiwanda alikofanya kazi mume wangu kilipunguza watu, na yeye akiwamo. Alirudi nyumbani na baiskeli yake na barua. Binti yetu wa pekee, ambaye alikuwa anakaa kwetu na mumewe, alipata kazi Nyakato, kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Anasimama kutwa kwenye sakafu ya barafu, na jioni anakuja na mapanki, ile mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, tunayakaanga. Tukaona chumba cha uani tukipangishe.

Aliyekuja kupanga alikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule ya msingi iliyo juu ya kilima. Mwanamke wa miaka kama ishirini na saba hivi, mtu wa Iringa. Alikuwa hajapata kuona maji mengi namna ile. Jumapili yake ya kwanza nilikwenda naye ziwani kufua, akasimama juu ya mawe na ndoo mkononi, hafui.

"Mama, ng'ambo iko wapi?"

"Ukienda sana unakuta Uganda, mwanangu."

"Na katikati?"

"Katikati ni maji."

"Na chini?"

Sisi tuliozaliwa hapa hatuulizi mambo ya chini. Mwaka huo magugu maji yalikuwa ndiyo kwanza yanaingia, yametanda kijani mpaka mitumbwi inashindwa kupita, na hakuna aliyejua yametoka wapi. Yeye aliyatazama sana, halafu akasema, "Kama nywele." Nikacheka. Sikujua kwamba hapo ndipo kitabu kilipoanza.

Alikuwa anaandika vitabu vya watoto, vya mambo yasiyokuwepo. Milima inayohama, samaki wanaokwenda sokoni kununua watu, mtoto aliyemeza radi. Aliandika kwenye madaftari ya wanafunzi waliokwisha kumaliza shule, akianzia nyuma kwenye kurasa zilizobaki tupu, kwa hiyo ukifungua mbele unakuta hesabu za sehemu, ukifungua nyuma unakuta mazimwi. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, aliwasomea darasa lake alichoandika wiki ile. Na alikuwa na namna yake ya kupima. Alinieleza kwamba hatazami nyuso za watoto, kwa kuwa mtoto anaweza kumtazama mwalimu huku anawaza kishada chake. Anatazama miguu chini ya madawati. Mahali miguu ilipotulia anaweka alama ya penseli. Mahali miguu inapochezacheza, akirudi nyumbani anapafuta pote, hata kama alipapenda mwenyewe.

Walimu wenzake wakati huo walikuwa wanafundisha tuisheni mchana baada ya vipindi. Yeye alikuwa anakaa kwenye ngazi ya chumba chake na daftari. Mume wangu alipenda kumchokoza.

"Mwalimu, zimwi lako limeshakula leo?"

"Limekula, mzee."

"Heri yake lenyewe."

Siku moja ya Jumamosi nilikuwa uani nachambua dagaa, natoa mchanga na vijiti. Akaja kukaa karibu yangu na daftari lake.

"Mama, nimekwama. Watu wangu wa chini ya ziwa hawana majina. Nikitunga mwenyewe watoto wanacheka. Yanasikika kama dawa za mafua."

"Unataka majina gani?"

"Ya zamani kabisa. Ya huku kwenu. Ambayo watu hawayatumii tena."

Basi amemwambia mlevi aonje pombe. Nikaanza. Nyumba ya kwanza, mzee na wake zake watatu na watoto. Nyumba ya pili. Akawa anapiga kelele, "Taratibu, Mama, kalamu haina miguu!" na mimi ndiyo kwanza naongeza mwendo, maana sifa zilikuwa zimeniingia. Nyumba ya sita, ya saba. Nikafika nyumba ya baba yangu. Nikamtaja kaka, nikamtaja dada, nikajitaja mwenyewe, halafu likatoka jina la mdogo wangu, kabla sijajua kwamba linatoka.

Mwalimu akaliandika, akalirudia kwa sauti, mara mbili.

"Hili ni zuri. Huyu alikuwa nani?"

Hapo ndipo ningesema, mwanangu, hilo lifute. Sikusema. Niliona aibu kwamba ulimi wangu umekosea mimi ninayesifiwa kwa kutokukosea. Nikasema, "Hayo yanatosha," nikaondoka na ungo wangu ndani kama mtu mwenye haraka.

Sasa nieleze hilo jina. Mdogo wangu huyo wa kike nilimbeba mgongoni mpaka alipojua kutembea, na alipojua kutembea bado alitaka kubebwa. Nilipokuwa na miaka kama kumi, na yeye mitano, tulikwenda ziwani kuchota maji. Kibuyu changu kikaelea. Changu, si chake. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nasugua chungu, nikamwambia, "Kifuate, hakijaenda mbali." Akakifuata. Babu yetu alikwenda ufukweni akamwita kwa jina lake tangu asubuhi mpaka jua lilipokuwa utosini, siku mbili, na siku ya pili ziwa likamrudisha.

Baada ya hapo nyumbani kwetu hakuna aliyelitaja. Si kwamba lilikatazwa. Kwetu jina la marehemu linawekwa, linangojea mtoto. Akizaliwa mtoto wa kumfaa, anapewa, na tangu hapo linaanza tena kuitwa kila siku, njoo ule, nenda ukaoge, linakuwa jina la mtu. Na mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee wanasema hajapewa jina lake, wanamtajia majina ya waliotangulia moja moja mpaka atulie. Mimi nilizaa wavulana wanne. Binti yangu huyu mmoja alipozaliwa, ukweni waliniwahi, wakampa la bibi yake mzaa baba, na sikuwa na la kusema. Mama yangu mzazi kila nilipokwenda kijijini kumsalimia, baada ya shikamoo na marahaba, aliuliza neno moja tu: "Bado?" Namwambia, "Bado, mama." Alikufa akiwa anaulizia hivyo.

Na mwaka ule alioingia mwalimu, binti yangu alikuwa mjamzito. Nilikuwa nimeshazungumza naye, na mumewe akaridhia, kwamba akizaliwa wa kike atachukua jina la mama mdogo wa binti yangu, yaani hilo hilo. Miaka zaidi ya arobaini ya kungoja ilikuwa imebakiza wiki chache.

Wiki ya pili baada ya siku ya dagaa nilikwenda bombani na ndoo. Watoto walikuwa wanacheza kwenye maji yanayomwagika. Ghafla mmoja akapiga kelele, akalitaja jina la mdogo wangu, "Anakuja! Anakuja na chanuo!" Wakatawanyika wote wanacheka na kulia kwa pamoja. Ndoo iliniponyoka. Nikamshika mmoja mkono.

"Nani anakuja?"

"Shikamoo Bibi. Yule wa kwenye hadithi ya mwalimu. Anakaa chini ya ziwa, yale magugu ndiyo nywele zake. Ukienda majini peke yako anakuita, anakuchana nywele. Kila akipitisha chanuo unamsahau mtu mmoja wa kwenu. Mpaka unawasahau wote, unabaki kule kule."

"Na anaitwaje?"

Akalitaja tena, kwa furaha, na meno mawili ya mbele hayapo.

Kumbe mtaa mzima walikuwa nalo. Kaka akimtisha mdogo wake anamtaja. Wenye kuruka kamba wanaruka kwa hilo. Binti yangu alilisikia alipokuwa anarudi kazini, tumbo limefika mbele yake, akaingia ndani hata hajavua viatu.

"Mama, lile si jina la mtoto wangu?"

"Ndilo."

"Limefikaje kwenye mazimwi?"

"Sijui," nikasema. Huo uongo naukumbuka kama nilivyousema.

"Basi mwanangu haitwi hilo. Aende shule aambiwe ni yule anayechana watu nywele? Tafuta jingine, Mama. Unayo mengi."

Mengi ninayo kweli. Lakini hilo lilikuwa moja, na aliyelitupa ni mimi. Mara ya pili sasa nilikuwa nimemtuma mdogo wangu majini.

Nilimfuata mwalimu chumbani. Alikuwa anapiga pasi ya mkaa.

"Mwalimu, naomba unirudishie jina."

Nikamwambia lipi. Akaona uso wangu, akaiacha pasi pale pale juu ya gauni.

"Nitalifuta leo leo, Mama. Naweka jingine."

"Utalifuta kwenye daftari. Kwenye midomo ya watoto je? Utaifuta kwa raba?"

Nguo ikaanza kunuka moto, akaiinua pasi. Ndipo akauliza lile swali lake tena, polepole, "Alikuwa nani?" Na safari hii nikamweleza. Kibuyu, jiwe, chungu, babu, na mama yangu na "bado" yake. Sijapata kumweleza mtu mwingine, hata mume wangu alijua nusu tu. Mwalimu alilia. Mimi sikulia, nilikuwa natazama lile gauni lake lilivyoungua umbo la pasi.

"Nipe mpaka Ijumaa," akasema.

Ijumaa nilikwenda shuleni nimebeba beseni la mihogo kichwani kama ninayeuza, nikasimama chini ya dirisha la darasa lake. Nilimsikia anasoma. Katika sura hiyo ilikuja kujulikana kwamba yule mwanamke wa chini ya ziwa hakuwa na jina. Alikuwa kitu tu, baridi na njaa. Jina lile aliliiba kwa msichana mdogo aliyekuja kuchota maji, na linamuuma mdomoni kwa kuwa si lake. Na kila mtu anayelitaja ovyo, mwenyewe asipokuwepo, anaongeza jino moja kwenye chanuo. Nikasogea mlangoni nikatazama chini ya madawati. Miguu zaidi ya themanini, hakuna hata kidole kilichotikisika.

Watoto walitoka wamefumba midomo. Kesho yake bombani wanacheza mchezo wao ule ule lakini wanasema "yule". Mmoja mdogo asiyesoma bado alilitaja, akazibwa mdomo kwa viganja vitatu. Nilirudi nyumbani ndoo nyepesi. Binti yangu alikaa siku kadhaa anasikiliza, akaona kweli mtaa umenyamaza. Akasema, "Haya, Mama. Akiwa wa kike."

Alizaliwa wa kike. Tukampa jina.

Na hapa ndipo tulipoona tulivyokosea, mimi na mwalimu wangu. Jina lilikuwa limerudi lakini hakuna wa kuliita. Majirani walikuja kumwona mtoto, wakauliza anaitwa nani, tukasema, na watoto wao waliosimama mlangoni wakarudi hatua moja nyuma. Msichana wa jirani aliyezoea kubeba wachanga nilimwambia, "Mlete fulani," akaniuliza, "Nilete nani?" Nikamtajia. Akasema, "Sawa, nakuletea huyo." Hata akina mama waliogopa watoto wao wasije wakakosa usingizi, wakawa wanasema mtoto wa kule kwa Bibi. Naye mtoto akawa analia. Analia akinyonya, analia akiogeshwa, siku ya tano, siku ya sita. Mume wa binti yangu akaanza kumtazama mkewe, na binti yangu akaanza kunitazama mimi.

"Umeona, Mama? Halikumkubali."

Nilikaa naye mapajani nikamfikiria. Nikagundua kwamba hata mimi, tangu azaliwe, namwita mama, namwita mrembo, namwita mdogo wangu. Jina lake nilikuwa nimelitaja kwa wageni tu, kueleza. Yeye mwenyewe sijamwita. Wala baba yake. Tulimvalisha jina kama nguo ya Krismasi, tukalifungia kabatini.

Nilimwendea mwalimu asubuhi kabla hajakwenda shule, mtoto analia begani. Alinisikiliza, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama, nimeandika mlango wa kutokea, nikasahau wa kuingilia."

"Basi andika."

"Ijumaa nita..."

"Ijumaa ni mbali. Msikilize huyu."

Aliandika pale pale, amekaa kwenye kizingiti changu, siku hiyo ilikuwa Jumanne, ametumia karatasi ya nyuma ya kalenda. Mtoto hakumpa nafasi hata ya kufikiri. Mchana ule, kengele ya mwisho ilipolia, alikuja na darasa lake lote uani kwangu, na viatu na vumbi. Akasimama kwenye ngazi akawasomea. Ulikuwa ukurasa mmoja tu. Ulisema kwamba ukilitaja jina lile mbele ya mwenyewe, ukimtazama machoni, chanuo linapungua jino moja, na wewe unarudishiwa mtu mmoja uliyemsahau. Na mwenyewe amepatikana. Yuko hapa.

Msichana mmoja akanyoosha kidole.

"Mwalimu, huyu mbona hana meno?"

"Ndiyo ujue si zimwi."

"Na akinikojolea?"

"Umekojolewa na mtu aliyemo kitabuni. Wengine wanalitafuta hilo."

Wakapanga mstari kuanzia jikoni mpaka kwenye kamba ya nguo. Binti yangu alikaa kwenye kigoda na mtoto, mimi nimesimama nyuma yake. Mmoja mmoja wanainama, wanamtazama machoni, wanataja. Wengine kwa sauti, wengine kama wanamwambia siri, mmoja alitaja akakimbia mpaka barabarani ndipo akarudi kuona kama amefuatwa. Mtoto alinyamaza kabla hawajafika hata kumi. Sisemi ni jina. Labda ni zile nyuso nyingi zilizomshangaza. Lakini alinyamaza, akawa anawatazama wanavyokuja, kila mmoja na lile lile.

Walipokwisha mwalimu akasema, "Bado mmoja."

Nikadhani kuna aliyejificha. Nikageuka kutafuta. Watoto wote walikuwa wananitazama mimi.

Nilizunguka mbele nikainama. Tangu nilipokuwa juu ya lile jiwe na chungu mkononi sikuwa nimemwita mtu kwa jina hilo, mtu anayenitazama. Nilimwita. Si kwa nguvu. Nilimwita kama unavyomwita mtu aliyekaa karibu tu, kwamba njoo, kiache hicho kibuyu.

Mwalimu alihamishiwa Geita baada ya miaka miwili. Kitabu chake hakikuchapwa wakati ule, karatasi ilikuwa adimu na wachapaji hawakupatikana. Madaftari mawili aliniachia mimi, yenye hesabu za sehemu mbele, na ule ukurasa wa kalenda umebanwa ndani yake.

Haya yote nimeyaandika kwa mkono, taratibu, na mjukuu wangu ndiye anayeyachapa. Ni mtu mzima sasa, ana watoto. Jana alipofika mahali nilipoinama mbele ya kigoda, alisimamisha vidole, akauliza bila kugeuka:

"Bibi, hapa si niweke jina langu? Watu watataka kulijua."

"Usiliweke. Wasomaji watalitaja bila kukutazama machoni. Geuka huku nikuite."

Akageuka.